Rangi iwe kazi ya mwisho katika kufufua Benzi za milango miwili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe neno kuhusu makala mliyoichapa hivi karibuni juu ya vijana wanaonunua Benzi za zamani za milango miwili, wakazifufua na kuzikodisha kwa ajili ya harusi. Makala ile ilinifurahisha, maana ni nadra gazeti kuyazungumzia magari haya bila kuyaita mikweche. Hata hivyo imo sentensi moja ambayo siwezi kuiacha ipite, nayo ni ile iliyosema kwamba hatua ya kwanza ni kutafuta fundi rangi mzuri. Mimi ni mstaafu, nina gari la aina hiyo, na nimelihangaikia uani kwangu kwa miaka sita. Hatua hiyo ya kwanza ndiyo niliyoanza nayo mimi pia, na hakuna nyingine iliyonigharimu kama hiyo.

Gari langu ni Mercedes-Benz 230CE ya mwaka 1982. Ni ndugu wa zile Benzi za ukoo uitwao 123, za milango minne, ambazo watu wa umri wangu wanazikumbuka zikiwabeba wakubwa, enzi ambazo wenye nazo waliitwa Wabenzi, na jina hilo halikuwa la sifa. Magari ya ukoo huo yalianza kutengenezwa mwaka 1976 na jumla yake yalikaribia milioni 2.7, lakini haya ya milango miwili, yaliyooneshwa kwa mara ya kwanza Geneva mwaka 1977, hayakufika hata laki moja. Ndiyo maana injini, breki, bushi na taa za mbele, ambazo gari hili linachangia na ndugu zake, zinapatikana bila shida kubwa, ilhali raba ya mlango wake unaweza kuitafuta kuanzia Tanga hadi Gerezani, Dar es Salaam, usiione. Wajuzi huyaita magari ya umbo hili kwa neno la Kifaransa ambalo tukiliandika kwa Kiswahili linakuwa kupe. Mke wangu anasema jina limepata mwenyewe, kwani mdudu huyu naye amejibandika kwenye pensheni yangu na hang'oki.

Nililinunua kwa mzee mmoja wa Raskazone, mahali ambapo upepo wa bahari haulali, na lilikuwa limekaa chini ya mwembe kwa miaka tisa. Nililivuta hadi gereji moja ambayo sitaitaja, nikalipa shilingi 1,800,000, na baada ya wiki tatu nikakabidhiwa gari la buluu iliyokolea linalong'aa kiasi cha mtu kujitazama na kunyoa ndevu. Masika mawili hayakupita kabla ya vipele kuanza kutokeza chini ya mlango wa kulia, kwenye ule mhimili unaokwenda kutoka tairi la mbele hadi la nyuma. Kijana wa jirani yangu, ambaye hunisaidia siku za Jumamosi, alikibonyeza kipele kimoja kwa ncha ya bisibisi, na bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Tulipobandua tulikuta puti ya unene wa kidole, nyuma yake wavu wa waya wa kuku, na nyuma ya wavu tundu lililojazwa kitu laini. Kijana akaingiza vidole, akaniambia, "Babu, humu mna karatasi." Lilikuwa gazeti lililokunjwakunjwa na kulowa chapachapa, ukurasa wa michezo ukisomeka bado. Sidai kwamba lilikuwa gazeti lako, Mhariri, ingawa siwezi kuapa, kwa sababu jina la juu lilikuwa limeshaliwa.

Simlaumu fundi rangi peke yake. Mimi ndiye niliyemwambia nataka gari lipendeze, na alilifanya lipendeze. Kosa langu lilikuwa kutouliza maji yanaingilia wapi, na hilo ndilo ningependa wasomaji wako waliulize kabla hawajaulizia bei ya rangi.

Gari hili halina nguzo katikati ya ubavu, na milango yake haina fremu juu ya kioo. Ukishusha vioo vyote vinne, ubavu mzima unabaki wazi, na hapo ndipo watu wa harusi wanapolipendea, kwa kuwa bibi harusi anaonekana vizuri. Lakini kioo kikipandishwa kinaegemea raba moja kwa moja bila kitu kingine cha kukisaidia, na raba iliyokaa miaka 40 inakauka kama kandambili iliyosahauliwa juani. Kioo cha nyuma nacho kina raba yake, na maji yakipenya pale yanateremkia ndani ya buti, yakatulia kwenye shimo la tairi la akiba mahali ambapo hakuna anayetazama hadi siku ya pancha. Chini ya waipa kuna mfereji unaopokea maji ya kioo cha mbele na kuyatoa kwa matundu ya pembeni. Matundu hayo yakizibwa na majani, na mwembe una majani, maji hupanda na kumwagikia ndani, miguuni mwa dereva na abiria wake. Katika gari langu kapeti lilikuwa kavu kwa juu hata ungelala, lakini sponji iliyo chini yake tuliikamua kama nguo, na bati la sakafu lililokuwa chini ya sponji lilitoboka kwa kidole. Kisha kuna matundu manne ya kuingizia jeki, mawili kila ubavu, ambayo kila moja lilitoka kiwandani na kizibo chake. Gari langu lilikuwa limebaki na kizibo kimoja, na matundu mengine matatu yalikuwa yakimeza tope la kila barabara lililopita.

Namna ya kugundua haya haihitaji mtambo wowote. Ng'oa viti na kapeti, mweke mtu mwepesi wa macho ndani ya gari akiwa na tochi na chaki, kisha wewe simama nje na mpira wa kumwagilia bustani. Anza kumwaga maji chini na upande polepole, dakika tano kila mahali, usiruke. Aliye ndani atie alama ya chaki kila anapoona tone. Ukianza na paa maji yatashuka kila upande, na hutajua lipi ni tundu na lipi ni njia tu ya maji. Sisi siku ya kwanza tulipata alama 11, na kijana akatoka amelowa kuliko mimi niliyekuwa nje.

Baada ya hapo ndipo kazi ya kuchomelea inapoanza, na hapa naomba nirefushe kidogo kwa sababu nimeona magari mazuri yakiharibiwa na watu wenye nia njema. Tenki la mafuta la 123 halipo chini ya gari kama wengi wanavyodhani; lipo ndani ya buti, nyuma ya mgongo wa kiti cha nyuma. Mtu anayechomelea shimo la tairi la akiba bila kulitoa anacheza na roho yake na za majirani. Litoe, lipeleke mbali, chomoa waya za betri, weka ndoo ya mchanga karibu. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota nati iliyoanguka. Weka stendi za chuma, au usiingie.

Bati la bodi ni jembamba, halifikii hata milimita moja sehemu nyingi, na mashine za fimbo tunazotumia kuchomelea mageti hulitoboa kabla hujamaliza kufumba jicho. Fundi aliyenisaidia hatimaye alikuwa na mashine ya waya na gesi. Alikuwa akidona nukta moja hapa, anahamia mbali anadona nyingine, kisha anarudi, ili joto lisikusanyike mahali pamoja na kulipinda bati. Kipande cha urefu wa mkono kilimchukua siku nzima. Watu walimcheka kwa uvivu; mimi nilimwongezea chai.

Jambo ambalo fundi wa magari ya milango minne anaweza asilijue ni kwamba gari lisilo na nguzo ya katikati linategemea sana mihimili yake ya chini. Ukiikata yote miwili kwa pamoja huku gari likiwa juu ya stendi, tumbo linalegea, na siku ya kufunga milango utakuta mwanya wa juu umekwisha na wa chini umekuwa mpana. Kwa hiyo tulikata upande mmoja tu, kipande kwa kipande, milango ikiwa imefungwa, na kila baada ya kipande tulipitisha kijiti cha mbao kwenye mwanya wa mlango kuhakikisha kwamba bado kinapita kwa ulaini uleule. Upande wa pili tuliugusa miezi minne baadaye. Madigadi ya mbele yalikuwa faraja kwetu, kwa kuwa yamefungwa kwa bolti na yanavuliwa, tofauti na ya nyuma ambayo ni sehemu ya bodi yenyewe. Ukiyavua utaona nyuma yake miaka ya vumbi na tope vilivyogandamana kama udongo wa kichuguu, vikihifadhi unyevu mwaka mzima, na utashangaa kwamba gari lilidumu hadi hapo. Ndani ya mihimili tulipuliza nta maalumu ya kuzuia kutu. Wapo wanaotumia oili chafu ya injini kwa sababu ni ya bure. Siishauri, kwani huzilainisha na kuzivimbisha raba ambazo tumezitafuta kwa machozi.

Nikija kwenye raba hizo, ninaye mpwa wangu anayefanya kazi Stuttgart, Ujerumani, na huko jirani, mji wa Fellbach, kampuni ya Mercedes-Benz ilifungua mwaka 1993 kituo chake cha kuhudumia magari yake ya zamani. Spea nyingi bado zinatengenezwa, ingawa kwa bei ambayo humfanya mtu aketi kwanza. Ninachotaka msomaji ajue ni jinsi ya kuagiza bila kupoteza fedha. Wauza spea wetu wakisikia 123 wanadhani wamesikia yote. Namba ya chasisi ya gari langu inaanza na WDB123253, na zile tarakimu tatu za mwisho, 253, ndizo zinazosema kwamba hili ni la milango miwili lenye injini ya 2.3, lile la milango minne lenye injini hiyohiyo ni 223. Raba ya mlango ya 223 haiwezi kuingia kwenye 253 hata ukiivuta kwa meno. Mimi niliwahi kununua seti nzima isiyo yangu, na hadi leo imening'inia ukutani karibu na kalenda. Andika namba yote ya chasisi, mpe muuzaji, na usipokee neno "zinafanana".

Kuhusu injini sitasema mengi, kwa kuwa injini hizi si wagonjwa wakubwa, ila kuna jambo moja linalonikera. Gari la 230CE halina kabureta wala kompyuta. Hewa inayovutwa na injini huinua sahani ya chuma, sahani husukuma pini ndani ya kigawa mafuta, na mafuta yaliyokwisha kubanwa na pampu ya umeme huenda kwenye nozeli nne kwa kiasi kinacholingana na hewa hiyo. Ni mashine ya mantiki ya kupendeza, ila haivumilii uchafu. Gari lililolala miaka tisa lina kutu ndani ya tenki. Ukilijaza mafuta na kupiga stata, kutu hiyo inasafiri hadi kwenye vijitundu vyembamba kama unywele, na mafuta yaliyochanganywa na ya taa hayasaidii. Fundi wa kwanza aliliona gari likikohoa akanishauri ning'oe mfumo wote na kuweka kabureta ya gari lingine. Ushauri huo hutolewa kila siku, na ndio sababu ya kukuta Benzi nyingi za umri huu zikinywa mafuta kama trekta. Tulichofanya sisi ni kulivua tenki, kuliosha kwa mnyororo na vipande vya nati ndani yake tukilitikisa kama manyanga, kusafisha chujio dogo lililo chini yake, kubadilisha filta na mipira yote ya mafuta, kisha kupima nozeli moja moja juu ya chupa za maji ya kunywa. Chupa tatu zilijaa sawasawa, ya nne ikachelewa. Tulibadilisha nozeli ya nne, na kikohozi kikaisha.

Wapo pia watakaokuta gari linawaka vizuri asubuhi lakini likizimwa sokoni adhuhuri halikubali tena hadi lipoe. Kabla hawajauziwa stata mpya, waangalie kopo dogo la chuma lililo jirani na pampu, chini ya gari upande wa nyuma, ambalo kazi yake ni kuyashikilia mafuta yabaki yamebanwa injini inapozimwa. Likichoka, mafuta yanachemka ndani ya mabomba kwa joto la injini, na kwa joto letu la Tanga, na kubaki mvuke ambao nozeli haziutaki.

Makala yenu ilidokeza kwamba magari haya ni ya mapambo, hayana nguvu za kazi. Nitajibu kwa kukumbusha tu kwamba katika Safari Rally ya mwaka 1979 Hannu Mikkola alimaliza wa pili akiendesha Mercedes ya milango miwili, 450 SLC 5.0, kwenye tope lilelile lililoyameza magari yaliyodhaniwa kuwa ya kazi. Mapambo tumeyaleta sisi.

Mpwa wangu amenieleza pia utaratibu wa Ujerumani, ambao naona una funzo kwa vijana wenye biashara ya kukodisha. Tangu mwaka 1997 gari lililotimiza miaka 30 linaweza kupewa namba yenye herufi H mwishoni na kulipiwa kodi moja ya mwaka ya takriban euro 192, injini iwe kubwa au ndogo. Ili lipewe ni lazima mkaguzi aridhike kwamba ni zima na halijaondolewa uasili wake. Kule ng'ambo rangi inayometameta kama kioo haimtoshi mkaguzi. Anataka kuona chini. Sisi hatuna herufi hiyo, lakini hakuna sheria inayomkataza mnunuzi wa Tanga au wa Dar es Salaam kulala chali kwenye mkeka na kutazama chini ya gari kabla ya kutoa fedha, akiwa na sumaku ndogo mfukoni. Sumaku haishiki puti. Ukiipitisha chini ya milango ikawa inaanguka anguka, umekwisha kusoma historia ya gari, na aliyelipamba hawezi kukuficha tena.

Kwa hiyo naomba, Mhariri, mtakaporudia habari hii, mhojini pia fundi bodi, si fundi rangi tu, na picha moja muipige kutokea chini. Kuna vijana watakaoikata makala na kuibandika gerejini, nao wakianza na maji watayafikia magari yao ya harusi kwa fedha pungufu ya nilizotumia mimi.

Gari langu kwa sasa ni la kijivu cha praima kuanzia bampa hadi bampa, na majirani wameacha kuuliza. Jumamosi iliyopita tulilimwagia maji tena, safari hii mimi nikiwa ndani na tochi, na kijana nje na mpira. Alizunguka gari lote kwa zaidi ya saa moja. Nilitia alama moja tu, kwenye pembe ya kushoto ya kioo cha nyuma, tone moja kila baada ya dakika kama mbili. Raba yake iko njiani kutoka Stuttgart. Fundi rangi nimemwambia aje baada ya masika.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mstaafu, Ngamiani, Tanga